Leo Mkononi: Shajara ya Nkuhungu

Jumatano, 3 Septemba 2025

Kuanzia leo naandika nani kavaa saa gani. Mazungumzo ya jioni pale kwa Fundi wa saa, hapa Nkuhungu, Dodoma, chini ya mwarobaini, yamekuwa yakiishia hewani, na mimi nayaona ni elimu. Mtu akifika, akishamwamkia Mzee, hajavuta hata kigoda anaulizwa: "Leo mkononi?" Anakunja mkono wa shati, sote tunainama kutazama.

Leo ilikuwa hivi. Mzee wa Reli: Roamer ya Uswisi, ya kujaza kwa mkono, uso uliokuwa mweupe umeshageuka kahawia. Mwalimu: Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki, namba tupu. Kaka wa Kondoa, muuza vipuri vya pikipiki: Seiko 5 aliyoletewa na nduguye kutoka Maskati, siku za wiki zinasomeka kwa Kiarabu. Kijana wa bodaboda: saa janja ya kuchaji, kwa sababu simu yake hukaa ndani ya koti na hawezi kuitoa akiwa barabarani. Sista, muuguzi wetu, hakuwepo, yuko zamu ya usiku. Fundi alivaa saa ya mteja, kama kawaida yake. Saa ya kujaza akishaitengeneza hukaa nayo mkononi siku mbili tatu kabla ya kuirudisha, maana anasema saa ikilala mezani inasema jambo moja na ikiwa mkononi inasema jingine.

Mimi: Citizen ya kula mwanga. Niliinunua mwaka tuliohamishiwa huku na ofisi kutoka Dar es Salaam. Citizen ndio waliotangulia duniani kutoa saa ya mishale inayotumia mwanga, mwaka 1976, na sioni mji unaoifaa kuliko Dodoma. Asubuhi kwenye basi la wafanyakazi kwenda Mtumba nakaa dirishani, mkono juu ya goti, inashiba kabla hatujafika Ihumwa.

Kitu ninachokipenda pale ni kwamba bei huulizwa mwisho, na mara nyingi haiulizwi kabisa. Kwanza wanataka kujua saa inakufanyia kazi gani.

Jumapili, 7 Septemba

Usiku huu mwezi umepatwa, na sisi tulikuwa tumejiandaa wiki nzima. Mwalimu alikuja na nyakati kwenye karatasi. Zilikuwa za saa za dunia, akaongeza saa tatu za Afrika Mashariki, kisha akazisoma kwa saa zetu: kivuli cha dunia kuanza kuumega mwezi saa 1:27 usiku, mwezi kuingia wote saa 2:30, kilele saa 3:11, kuanza kutoka saa 3:52, kuachiwa kabisa saa 4:56. Kwa hiyo dakika 82 za mwezi kuwa ndani ya kivuli mzima mzima.

Kabla ya magharibi tulipatanisha saa zote na simu ya Mwalimu. Hapo ndipo tabia za saa zilipoonekana. Casio unabonyeza tu, sekunde zinarudi sifuri pale unapotaka. Citizen yangu ukivuta kitufe cha pembeni mshale wa sekunde unasimama, unausubiri wakati, unausukuma. Lakini Seiko ya Kaka ni ya mashine ile ya 7S26: ukivuta kitufe, mshale wa sekunde unaendelea na safari yake. Roamer nayo ni hivyo hivyo. Kwa hizo mbili hatukulazimisha. Tuliandika tofauti zake kwenye karatasi: Seiko mbele sekunde 22, Roamer nyuma dakika moja na sekunde 5. Ukiijua tofauti ya saa yako, saa hiyo ni sahihi kwako.

Mwezi ulipanda upande wa mjini, mkubwa, wenye vumbi la Septemba usoni. Tulikaa uani kwa Fundi, taa tumezima. Sista alikuwepo leo, na ndiye aliyepaza sauti wa kwanza: "Umeguswa!" Ilikuwa saa 1:26. Mwalimu akasema bado, akasubiri hadi 1:28. Kaka akaona 1:27. Mimi sikuwa na hakika hata baada ya hapo, kwa sababu ukingo wa kivuli cha dunia haukatiki ghafla, unafifia pole pole, na kila jicho linachagua mahali pake pa kuanzia. Jambo hili limenikaa kichwani: saa zetu sita, za bei na umri tofauti kabisa, zilipishana sekunde chache baada ya kusahihishwa, na macho yetu yakapishana dakika mbili.

Saa 2:30 mwezi ukawa mwekundu wa shaba. Watoto wa jirani wakauliza mbona hauzimiki, Mwalimu akawaeleza kwamba mwanga wa jua unapenya kwenye hewa inayoizunguka dunia, ule wa buluu unatawanyika njiani, mwekundu ndio unaopinda na kuufikia mwezi. Akawaambia wekundu ule ni wa machweo na mapambazuko yote yanayotokea duniani kwa wakati mmoja. Mtoto mmoja akauliza kama na machweo ya Dodoma yamo. Mwalimu akamwambia yetu yameshapita, yale ya wenzetu wa magharibi ndiyo yamo.

Kaka aliaga kwenda msikitini kwenye swala ya kupatwa kwa mwezi. Alivyogeuka niliona mishale ya Seiko yake inang'aa kijani kibichi gizani, tena sana, kwa jua aliloshinda nalo dukani. Tukaanza kujaribu nani anaweza kusoma saa yake bila tochi. Casio ya Mwalimu ina kibalbu kidogo upande wa kushoto: dakika za mwisho na sekunde unazibahatisha. Saa janja inawaka uso mzima, tukamwomba Kijana aifunike kwa sababu inatuharibia macho. Roamer ya Mzee haikuonekana hata kidogo, rangi yake ya kung'aa ilishakufa zamani. Mzee hakujali. "Mimi nilikuwa na taa ya mafuta mezani," alisema, na tukajua ameshafika stesheni.

Akatusimulia zamu za usiku za Saranda na Kintinku: njia moja, treni mbili, na mkuu wa stesheni anayeandika kitabuni dakika treni ilipoingia na dakika ilipotoka, kisha anampigia mwenzake wa mbele. Ile ya nyuma haitoki mpaka ya mbele ijulikane ilipo. Reli yenyewe waliijenga Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo, kwa maneno ya Mzee, kila kijiji cha njiani kilikuwa na mtu mmoja mwenye wajibu wa kujua saa. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa yeye.

Tulikaa mpaka saa 4:56. Sista aliondoka mapema, anaamkia kazini.

Jumatatu, 8 Septemba

Usingizi basini. Mkononi: Citizen. Jioni hakuna aliyekuja ila Mzee na Fundi.

Jumatano, 10 Septemba

Mwalimu alinialika shuleni wakati wa mapumziko ya mchana nione somo lake. Kasimamisha kijiti uwanjani, wanafunzi wanaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, wakitumia Casio yake. Walitarajia kivuli kiwe kifupi kuliko vyote saa sita kamili. Saa sita ikapita, kivuli kikaendelea kufupika. Sita na robo, bado. Kilikuja kugeuka dakika chache baada ya saa sita na nusu.

Sababu aliichora ubaoni. Saa za Afrika Mashariki zinapimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo inapita karibu na Mogadishu. Dodoma iko kwenye digrii 35 na robo tatu hivi. Kila digrii moja jua linaihitaji dakika nne, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa kwa dakika 37, unapunguza mbili tatu kwa mwendo wa jua wa mwezi huu. Ndiyo maana hapa saa kumi na mbili jioni bado kweupe kabisa, na jua linazama ikikaribia dakika arobaini baada yake.

Nilipowapa habari hiyo kule kwa Fundi, Mzee alisema wafugaji wa Kigogo wa enzi za baba yake walijua wakati wa kurudisha ng'ombe kwa jua la hapa hapa, na kwamba saa ya stesheni na jua la kijiji havikuwahi kukubaliana. Sasa ninajua kwa kiasi gani. Nimefurahi mno leo kwa jambo dogo hili.

Mkononi leo: Mwalimu Casio. Mimi Citizen. Kaka kaja na Seiko ile ile, ana moja tu na haoni haja ya pili.

Alhamisi, 11 Septemba

Sista kapita kutoka zamu akiwa bado na sare, na leo nimeomba kuishika saa yake. Ni ya kubana kifuani, imening'inia kichwa chini, hivyo anayeitazama kwa mbele anaiona imegeuka na yeye akiinamisha macho anaiona sawa. Uso mweupe, namba zote kumi na mbili zimeandikwa, mshale wa sekunde mwekundu. Haivai mkononi kwa sababu mikono inaoshwa kila baada ya mgonjwa, na saa ya mkononi inabeba uchafu kutoka kitanda hadi kitanda.

Akatuonyesha kazi yake. Kwa mtoto mwenye kikohozi hahesabu nusu dakika akazidisha mara mbili. Anahesabu dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, hiyo ni kasi ya hatari. Wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, kikomo ni 40. "Saa ikisimama katikati ya kuhesabu, baba, naanza upya, na mama yake ananitazama usoni muda wote huo," alimwambia Mzee.

Betri yake ni ya namba 377, zile ndogo ambazo Fundi anazo nyingi kuliko zote. Alimbadilishia hapo hapo ingawa ya zamani ilikuwa bado hai, na hakuchukua pesa.

Kama ningetakiwa kuchagua saa moja iliyo muhimu Nkuhungu nzima, ningechagua hiyo.

Jumamosi, 13 Septemba

Watu wengi leo. Kijana wa bodaboda amekuja na mdogo wake wa kidato cha pili, mkononi F-91W mpya aliyoinunua elfu saba kwa mtembeza bidhaa. Anataka kuwa kama Mwalimu wake. Akaiweka mezani, akauliza kwa adabu: "Shikamoo Fundi. Hii ni orijino?"

Fundi alibonyeza kitufe cha kulia, akakishikilia kwa sekunde tatu. Iliyo halisi huandika jina la kampuni kwenye kioo. Hii haikuandika kitu. Fundi akaigeuza: mgongoni, ndani ya kisanduku, ilitakiwa iwe na namba 593 ya mashine, haikuwepo. Akaongeza kwamba siku hizi hata feki nyingine zimefundishwa kuandika jina, kwa hiyo jaribio moja halitoshi, tazama na maandishi, tazama na mlio.

Kijana mdogo uso ulimshuka. Mwalimu akavua ya kwake akampa ashike. Akamweleza kwamba F-91W imetoka mwaka 1989 na hadi leo bado inatengenezwa, umbo lile lile. Ina uzito wa gramu 21, betri moja inakaa karibu miaka saba, na kiwanda chenyewe kinaahidi kukosea kusikozidi sekunde 30 kwa mwezi. Ya kwake inatangulia sekunde kumi tu kwa mwezi, ana daftari la kuonyesha. Kisha akamwambia maneno niliyoyapenda: hiyo feki usiitupe, ivae, ipime kila Jumamosi kwa simu, andika inavyokosea. Ukiweza kuitunza hiyo kwa mwaka mzima, nitakusaidia kutafuta ya kweli.

Baadaye Kaka alizungumzia maandishi ya "mita 30" yaliyo kwenye saa nyingi. Kuna mteja wake aliingia nayo bwawani, ikajaa maji siku ya kwanza. Fundi hurudia kila wiki: hiyo mita 30 ni ya mvua na kunawa mikono, siyo ya kuogelea. Na hapa Dodoma adui mkubwa siyo maji. Ni vumbi, linaingia kupitia kitufe cha pembeni kilichoachwa nje, hasa miezi hii ya upepo.

Jumatatu, 15 Septemba

Alphonce Simbu ni bingwa wa dunia! Nimeamka na habari hiyo; mbio zilikimbiwa Tokyo asubuhi yao, huku kwetu bado usiku. Marathoni nzima, kilomita 42 na ushee, amemshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Wote wawili wameandikiwa saa 2, dakika 9, sekunde 48. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze. Na ni mtoto wa Singida, wa uwanda wetu huu huu, aliyekwisha kuleta shaba kutoka London mwaka 2017.

Basini hakuna aliyezungumza jambo jingine. Jioni kwa Fundi hapakuwa na pa kukaa.

Mwalimu alitaka watu waelewe sekunde 0.03 ni kitu gani. Casio yake inapima mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Akasema: anzisha, simamisha, upesi unavyoweza. Kijana wa bodaboda, mwenye vidole vyepesi kuliko wote, akapata 0.11. Akajaribu tena, 0.10. Mdogo wake akapata 0.09 na kushangiliwa. Sista 0.13. Mzee akakataa kujaribu, akasema kidole chake ni cha kuzungusha, siyo cha kubonyeza. Tulizunguka meza nzima na hakuna aliyekaribia. Muda uliowatenganisha watu wawili waliokimbia zaidi ya saa mbili ni mdogo kuliko muda ambao kidole cha kijana kinatumia kushuka na kupanda.

Kaka akauliza, basi wamejuaje? Nikaeleza nijuavyo: kwenye mstari wa kumalizia kuna kamera inayotazama mstari ule tu, inaupiga picha mfululizo na kila picha ina wakati wake. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika mstarini. Kichwa, mkono na mguu havihesabiwi. Ndiyo maana wakimbiaji hujitupa mbele kwa kifua. Na waliopima ni Seiko. Kaka alinyanyua mkono wake juu bila kusema neno, uani kukalipuka vigelegele.

Hapo Mzee akakumbuka 1974. Alikuwa stesheni ya Manyoni, redio mezani, Filbert Bayi akiwa Christchurch kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akaongoza toka mwanzo mpaka mwisho, John Walker wa New Zealand akamfuata. Mzee anasema aliandika muda ule kwa penseli pembezoni mwa kitabu cha treni, mahali ambapo hapakuruhusiwa kuandikwa kitu kingine. Mkononi mwake siku hiyo ilikuwa Roamer hii hii.

Leo sikuwaandika wengine walivaa nini. Zilikuwa nyingi, watu wamekuja na zao zote.

Alhamisi, 18 Septemba

Mzee ameikabidhi Roamer. Tangu usiku wa mwezi inazidi kubaki nyuma, jana dakika tatu. Fundi alimwomba akae karibu aone kila kitu, naye akakaa.

Mfuniko wa nyuma ulitoka kwa shida. Fundi akaweka lenzi jichoni, akatazama muda mrefu, akamsogezea Mzee lenzi, kisha mimi. Nyuma ya mashine kuna vumbi jekundu laini kandokando ya mfuniko, lile la barabarani hapa, na mafuta yaliyokauka yamekuwa manjano na yanashika. Gurudumu dogo linaloenda na kurudi, ambalo ndilo linalogawa wakati, lilikuwa likicheza nusu ya duara tu. Fundi aliinyanyua mashine na kibano, akaiweka karibu na dira ndogo anayoiweka kwenye droo: sindano ikatikisika kwa mpigo. Imeshika sumaku. Mzee huilaza usiku juu ya redio yake, pembeni ya spika.

Vipande viliingia kwenye vikombe vya kioo vyenye petroli safi, kimoja kimoja kwa mpangilio, ili kila skrubu irudi kwenye tundu lake. Springi ni nzima. Hakuna kilichovunjika. Hilo ndilo jambo la saa za namna hii ambalo nataka vijana walione kwa macho yao: zimetengenezwa zifunguliwe. Kuna mtu aliyekaa Solothurn miaka ya sitini akijua kwamba siku moja mtu asiyemfahamu, mahali asipopajua, atahitaji kuifikia kila skrubu. Saa janja ya Kijana ikifa haina mlango wa kuingilia. Simlaumu yeye, kazi yake inaihitaji. Lakini ningependa awe na moja ya namna hii pia, hata ya mtumba.

Mzee leo mkononi: hana. Alikuwa akiushika mkono mtupu kila mara. Kaka akamwazima Seiko yake, na Mzee akauliza ile siku ya Kiarabu inasomekaje. Alhamisi.

Jumapili, 21 Septemba

Fundi ameivaa Roamer tangu Ijumaa asubuhi baada ya kuipatanisha na simu, mchana mkononi, usiku mezani, uso juu, kisha ubavu. Leo mchana ameirudisha mbele yetu sote. Tumeilinganisha: imetangulia sekunde 31 kwa siku mbili na ushee. Kwa saa ya kujaza iliyonunuliwa dukani Tabora mwaka 1970, hiyo ni kazi njema kabisa. Fundi amedai elfu thelathini, na ameagiza isilale tena juu ya redio.